Mapitio ya msimbo yanachukua siku nne: tuhame GitHub au tuache kupitia?

*Timu yetu ina watu saba: wanne tuko Dar es Salaam, wawili wako Kigali, na mhandisi mkuu anaishi Toronto. Tunatengeneza mfumo wa maduka unaopokea malipo ya simu. Kila badiliko la msimbo (maandishi ya programu) lazima lipitiwe na watu wawili kwenye GitHub, tovuti tunakohifadhi na kupitia msimbo, mmoja wao akiwa mhandisi mkuu. Badiliko hukaa siku tatu hadi nne, na likija kuunganishwa linakuta limeshagongana na kazi za wengine. Mwezi uliopita, pamoja na ukaguzi wote huo, wateja kadhaa waliingiziwa salio mara mbili kwa muamala mmoja. Badiliko lenyewe lilikuwa na mistari zaidi ya 900 na idhini zote mbili. Sasa meneja anataka tuhamie Gerrit, zana nyingine ya mapitio, kwa kuwa amesikia ni kali zaidi. Mwenzetu mmoja anasema tuache mapitio, tutegemee majaribio ya kiotomatiki. Wawili kati yetu tunafanya kazi kwa bando la simu na kurasa za mapitio zinafunguka kwa taabu. Tumfuate nani?*

Ndugu yangu, mna matatizo mawili: kazi inachelewa, na hitilafu imepenya mbele ya macho ya watu wawili. Meneja anaona dawa ni ukali zaidi, mwenzako anaona dawa ni kuondoa kizuizi. Nikisoma maelezo yako, naona wote wawili wanaitazama zana, ilhali tatizo limekaa kwenye saa, kwenye ukubwa wa mabadiliko, na kwenye sheria yenu ya mtu mmoja kupitisha kila kitu. Mkihamia Gerrit kesho bila kugusa hayo matatu, mtasubiri siku nne zilezile kwenye ukurasa wenye rangi nyingine.

Tuanze na saa. Dar es Salaam iko mbele ya Toronto kwa saa 8 wakati wa baridi ya kule, na saa 7 kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba. Ukituma badiliko saa 4 asubuhi, Toronto bado ni usiku mkubwa. Mhandisi mkuu anafungua kompyuta saa 3 asubuhi kwake, ambayo kwako ni saa 11 jioni (saa 10 wakati wa kiangazi chao). Akimaliza kuandika maoni, wewe umeshafunga kazi. Unajibu kesho yake asubuhi, naye analiona jibu lako jioni tena. Kwa hiyo raundi moja ya maoni inakula siku nzima, hata kama yeye alitumia dakika ishirini kusoma na wewe dakika kumi kurekebisha. Badiliko lililotumwa Alhamisi asubuhi na kuhitaji raundi tatu litapata idhini Jumatatu usiku na kuunganishwa Jumanne. Hakuna aliyezembea hapo. Ni hesabu tu.

Kuna njia mbili za kuipunguza hesabu hiyo: raundi ziwe chache, au mpitiaji awe karibu kwa saa. Kigali iko nyuma ya Dar kwa saa moja tu, maana yake watu sita kati ya saba mnaamka na kufanya kazi pamoja. Mapitio ya kila siku yafanyike kati yenu sita. Mhandisi mkuu abaki na yale ambayo kweli yanahitaji macho yake: malipo, muundo wa hifadhidata, na mambo ya usalama. Najua hili linaweza kumgusa, kwa hiyo aambiwe wazi kwamba anapewa nafasi ya kusoma vizuri mabadiliko matano kwa wiki badala ya kupitisha thelathini kwa haraka.

Kwenye GitHub hili linawekwa kwa faili linaloitwa `CODEOWNERS`, linalotaja wamiliki wa kila sehemu ya msimbo, ndani ya folda ya `.github` kwenye tawi kuu (nakala rasmi ambayo kazi zote huunganishwa humo):

```
*              @shirika/wahandisi
/malipo/       @shirika/malipo
/migrations/   @shirika/hifadhidata
```

Zingatia mpangilio. Faili hili linasomwa kwa kanuni kwamba mstari wa mwisho unaolingana ndio unaoshika. Timu nyingi huandika mstari wa nyota chini kabisa, na hapo hapo wanafuta umiliki wote waliouandika juu yake bila kupata onyo lolote. Jambo la pili: ukiwataja wamiliki kadhaa kwenye mstari mmoja, idhini ya yeyote kati yao inatosha. Tatu, anayetajwa lazima awe na ruhusa ya kuandika kwenye hazina hiyo (repository, mahali msimbo wote wa mradi unapohifadhiwa), la sivyo mstari wake haufanyi kazi.

Baada ya hapo nenda kwenye mipangilio ya ulinzi wa tawi kuu. Dai badiliko lipite kwenye ombi la kuunganisha (pull request), weka idadi ya idhini iwe 1, washa takwa la idhini ya wamiliki, takwa la majaribio kupita, na takwa la kila mjadala kufungwa kabla ya kuunganisha. Kagua kwanza kama hiyo "lazima" yenu ya leo ni mipangilio ya kweli au ni makubaliano ya mdomo. Kwa hazina ya faragha ya shirika, mpango wa bure wa GitHub hautoi ulinzi wa tawi. Unahitaji mpango wa kulipia kama Team. Nimeona timu zikiamini zinalindwa kumbe mtu yeyote anaweza kusukuma (kutuma msimbo wake) moja kwa moja kwenye tawi kuu.

Huenda umeshtuka kuona idhini 1 baada ya hitilafu kupita kwenye idhini 2. Watu wawili wanapopewa badiliko lilelile bila kugawana kazi, kila mmoja husoma kwa matumaini kwamba mwenzake atasoma kwa makini zaidi. Utafiti wa Google uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya mabadiliko yao yalikuwa na mpitiaji mmoja tu. Mkiona malipo yanahitaji watu wawili, sawa, lakini waandikiwe kwa majina: huyu anasoma mantiki ya msimbo, yule anasoma hifadhidata na kinachotokea mambo yakikatika katikati.

Sasa ukubwa. Utafiti mkubwa wa mapitio uliofanywa na kampuni ya SmartBear kwenye timu ya Cisco, uliotolewa mwaka 2006, ulikuta kwamba uwezo wa mtu kuona kasoro unaporomoka badiliko linapozidi mistari 200 hadi 400, na kwamba baada ya dakika 60 hadi 90 za kusoma mfululizo macho yanachoka. Kasi nzuri ilikuwa chini ya mistari 500 kwa saa. Mistari 900 kwa kasi hiyo ni karibu saa mbili za kusoma kwa umakini. Jiulize kwa ukweli kama kuna yeyote kati ya wale wawili aliyetoa saa mbili. Kule Google, badiliko la katikati, ukiyapanga yote kwa ukubwa, lilikuwa na mistari 24, na muda wa katikati wa mapitio mazima ulikuwa chini ya saa 4. Udogo na wepesi vinakwenda pamoja, kwa sababu badiliko dogo mtu hulisoma papo hapo kati ya kazi mbili. Kubwa huliahirisha mpaka apate nafasi, na nafasi haiji.

Nije kwenye salio lililoingia mara mbili, maana hapa ndipo kuna somo kuhusu kile mapitio yanachoweza na kisichoweza. Dalili hiyo huwa na chanzo kinachojulikana. Mfumo wa malipo ya simu hutuma taarifa ya muamala kwenye seva yenu, na usipopata jibu kwa wakati unaweza kuituma tena. Msimbo wa kawaida hufanya hivi: unauliza hifadhidata kama namba ya muamala ipo, ukijibiwa hapana unaongeza salio, kisha unaandika kumbukumbu. Taarifa mbili zikifika kwa pamoja, zote mbili zinauliza kabla yoyote haijaandika, zote zinajibiwa hapana, na zote zinaongeza salio. Kwenye kompyuta ya mtengenezaji hutaliona hili hata ujaribu mara mia, kwa sababu unatuma moja moja.

Kinga yake haiko kwenye msimbo uliobadilishwa. Iko kwenye jedwali: namba ya muamala iwekewe sharti la upekee (hifadhidata ikatae namba ileile kuandikwa mara mbili), na kuandika kumbukumbu kuwe ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata pamoja na kuongeza salio, yaani yote mawili yafanyike au yote yasifanyike. Kwa hifadhidata ya PostgreSQL, tumia `INSERT ... ON CONFLICT DO NOTHING`, ambayo haiandiki kitu kama namba tayari ipo, kisha angalia kama mstari umeingia. Kama haukuingia, usiguse salio, na mjibu mtumaji kwamba umepokea ili aache kurudia.

Angalia basi kwa nini wapitiaji wawili hawakuona. Ukurasa wa mapitio unaonyesha mistari iliyoongezwa kwa kijani na iliyotolewa kwa nyekundu. Sharti lililokosekana si mstari ulioongezwa wala uliotolewa. Halipo kabisa, na jedwali lenyewe liliundwa na faili la zamani ambalo halikuwemo kwenye badiliko. Mpitiaji anayesoma kijani na nyekundu peke yake hawezi kukuta kitu ambacho hakikuandikwa. Hili ni la GitHub, la Gerrit, la GitLab, la zana zote za mapitio. Utafiti wa Microsoft wa mwaka 2013 uliona jambo la karibu na hili: wahandisi walisema wanapitia msimbo ili kupata hitilafu, lakini maoni mengi waliyotoa yalihusu kuboresha msimbo na kuuelewa.

Kwa hiyo mwandishi wa badiliko ndiye alete kile ukurasa usichoonyesha. Weka kiolezo kwenye `.github/pull_request_template.md` chenye maswali machache yanayojibiwa kwa sentensi: Hii ikiitwa mara mbili inakuwaje? Ikikatika katikati, nini kinabaki? Jedwali gani linaguswa na lina masharti gani? Jaribio lipi lingefeli kama msimbo huu ungekuwa na kosa? Maswali manne yanatosha. Kiolezo cha maswali kumi na tano hujazwa kwa kunakili na kubandika, na baada ya mwezi hakuna anayekisoma.

Badiliko lile la mistari 900 lingegawanywa hivi. La kwanza ni sharti la upekee peke yake. Safisheni marudio yaliyopo kabla, la sivyo litakataa kuwekwa. Na kwa jedwali lenye shughuli nyingi tumia `CREATE UNIQUE INDEX CONCURRENTLY`, ambayo haizuii uandishi, ila ikifeli huacha faharasa (index) mbovu ambayo lazima uifute mwenyewe kabla ya kujaribu tena. La pili ni kuhamisha na kubadili majina ya vitu bila kubadili tabia ya mfumo. Hili linasomwa kwa dakika tano kama halijachanganywa na mantiki mpya, na linakuwa mateso likichanganywa. La tatu ni mantiki mpya nyuma ya swichi iliyozimwa, yaani mpangilio unaoamua kama msimbo mpya utumike. La nne ni kuwasha swichi na kutoa msimbo wa zamani.

Mtu atauliza: nikae nikisubiri la kwanza lipite ndipo nianze la pili? Hapana. Fungua tawi la pili juu ya la kwanza, na ombi lake lielekezwe kwenye tawi la kwanza badala ya tawi kuu. La kwanza likiunganishwa na tawi lake kufutwa, GitHub huielekeza ombi la pili kwenye tawi kuu yenyewe. Mtego mmoja: mkiunganisha kwa kubana komiti (commit, hatua moja ya mabadiliko iliyohifadhiwa) zote kuwa moja, tawi la pili litabaki na komiti za zamani na utaona migongano ya ajabu. Hapo tumia `git rebase --onto main tawi-la-kwanza tawi-la-pili`, inayohamishia kazi ya tawi la pili peke yake juu ya tawi kuu.

Na hapa ndipo Gerrit inapostahili kusemwa kwa haki. Ilizaliwa kwa ajili ya mradi wa Android, na hadi leo Android, Chromium na lugha ya Go hupitiwa humo. Kwenye Gerrit kinachopitiwa ni komiti moja, si tawi zima. Unasukuma kwa `git push origin HEAD:refs/for/main`, na msururu wa komiti nne unakuwa mapitio manne yaliyofungamana bila ujanja wowote. Ukirekebisha, unabadili komiti ileile, na mpitiaji anaweza kulinganisha toleo la 2 na la 5 akaona tu kilichobadilika tangu asome. GitHub ni dhaifu hapo: ukisukuma kwa nguvu juu ya tawi (force push, kuandika upya historia yake), maoni ya zamani hupoteza mahali pake. Kuhusu ukali, alama za Gerrit huanzia -2 hadi +2. -2 inazuia, +2 ndiyo idhini, na +1 mbili hazifanyi +2. Ukali huo ni mzuri, lakini mtu aliyechoka anaweza kubonyeza +2 bila kusoma kama anavyobonyeza idhini ya GitHub.

Gharama yake ni kwamba mtahitaji seva yenu, nakala za akiba, mfumo wa kuingia, kuunganisha majaribio, na mtu wa kuipandisha toleo. Kwa watu saba, hiyo kazi humwangukia mmoja ambaye tayari ana kazi yake. Mimi nisingewahamisha leo. Kama baada ya miezi mitatu ya mabadiliko madogo mtaona mnapanga misururu kila siku na GitHub inawakwaza, basi meneja atakuwa na hoja nzito. Na mkitafuta mbadala, GitLab ya bure hupokea idhini lakini haizilazimishi, sharti hilo liko kwenye mpango wa kulipia. Forgejo, zana ya aina hiyohiyo mnayoiweka kwenye seva yenu, huzilazimisha bure. Phabricator, zana nyingine ya mapitio, iepukeni ingawa makala za zamani zinaisifu, kwani kampuni iliyoitunza ilisitisha kazi mwaka 2021, na kinachoendelea ni tawi la jamii (nakala inayoendelezwa na watu wa kujitolea) liitwalo Phorge.

Mwenzako anayetaka kuacha mapitio hajakosea kila kitu. Marekebisho ya tahajia, matini ya skrini, au kupandisha toleo la maktaba ambalo majaribio yamelikubali, hayastahili kusubiri siku. Kubalianeni kwamba hayo hupewa idhini na yeyote aliye kazini wakati huo, ndani ya saa moja. Mambo ya nafasi na mabano yaachieni zana zinazopanga msimbo zenyewe, kama Prettier, Black au gofmt, na binadamu asiyatolee maoni tena. Kuandika wawili kwenye skrini moja nako ni mapitio halali. Lakini kutegemea majaribio peke yake kwenye malipo ni hatari, kwa sababu jaribio huandikwa na yuleyule ambaye hakuwaza kwamba taarifa inaweza kuja mara mbili.

Raundi zipungue pia kwa namna ya kuandika. Mpitiaji akusanye maoni yote na kuyatuma kwa pamoja, asitume moja moja siku nzima. Kila oni lianze na neno: *lazima*, *pendekezo*, au *swali*. Mwandishi aliye Dar asiyejua kama sentensi ya Toronto ni amri au ni wazo atauliza, na kuuliza ni siku nyingine. Raundi ya pili ikiisha bila mwafaka, pigianeni simu saa 11 jioni, kisha mwandishi aandike mlichokubaliana kwenye ukurasa. Kuhusu mpangilio wa kufuta idhini kila komiti mpya inaposukumwa: kwa mfumo wa malipo uwasheni, mkijua kwamba utaongeza raundi. Kwa hiyo *pendekezo* dogo lifanyiwe kazi kwenye badiliko linalofuata, lisirudishe idhini nyuma.

Kwenu mnaotumia bando, msisomee kwenye kivinjari. Vuteni mara moja kwa `git fetch origin main pull/214/head:pr-214`, ambapo 214 ni namba ya ombi la kuunganisha, kisha `git diff origin/main...pr-214` inaonyesha mabadiliko hata mtandao ukikatika. Andika maoni ya jumla kwenye faili, na mtandao ukirudi tuma kwa `gh`, programu ya GitHub ya kuandikia amri: `gh pr review 214 --comment --body-file maoni.txt`, ukitaja faili na namba ya mstari. Mafaili yanayozalishwa na zana, kama orodha ndefu za maktaba, yawekeeni `linguist-generated=true` kwenye `.gitattributes` ili yakunjwe. Ila jihadharini na kinyume chake: GitHub huficha tofauti ya faili kubwa mpaka mtu abonyeze kuifungua, na mwenye mtandao mzito ndiye wa kwanza kuiruka. Faili la malipo likifichwa hivyo, limeidhinishwa bila kusomwa.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Salio lililokwisha kuingia mara mbili halirekebishwi kwa mapitio ya msimbo. Kaeni mezani na mhasibu, mkiwa na taarifa rasmi ya miamala kutoka kwa mtoa huduma ya malipo, mlinganishe namba kwa namba; na msikate fedha kwenye akaunti ya mteja kabla uongozi na mwanasheria hawajasema. Mkikuta ufunguo wa siri wa malipo uliwahi kuingia kwenye hazina, kuufuta kwenye komiti mpya hakusaidii kwa kuwa historia inaubeba: ubatilisheni siku hiyohiyo, na mtafute mtu wa usalama aje akague kumbukumbu za seva. Na kama maoni ya mapitio yameanza kumhusu mtu badala ya msimbo, au mmoja wenu anaogopa kutuma kazi yake kwa mhandisi mkuu, meneja azungumze nao uso kwa uso au kwa video, kila mmoja peke yake kwanza, kabla hamjabadili mpangilio hata mmoja.